Siku Bhoke Alipopeleka Ng'ombe Joshoni

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Werema alikuwa ameshafika zizini. Alitoa miti ya langoni mmoja mmoja, akawapitia kwa macho ng'ombe wote kumi na mmoja wa shule, akampapasa Kijivu shingoni, kisha akasubiri wanafunzi wa zamu wamalize kukamua. Maziwa ya Kijivu ndiyo yaliyotiwa kwenye uji wa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya hapo aliwakabidhi ng'ombe kwa wachungaji wa zamu, akaingia darasani akinuka zizi, na kwake harufu hiyo ilikuwa fahari.

Werema alikuwa darasa la sita, na ndiye kiongozi wa mifugo. Tusifichane: kichwa kilikuwa kimemvimba. Mwenzake akimuuliza jambo kuhusu ng'ombe, alimjibu nusu na nusu nyingine akaimeza. Alipenda kuitwa. Alipenda watu waseme, "Ngojeni Werema aje."

Basi mwezi wa saba mwaka 1976 akashikwa na malaria, akalala nyumbani siku nne. Siku hizo nne zizi lilivurugika. Ng'ombe walitolewa jua likiwa kali, ndama wakanyonya maziwa yote, na darasa la kwanza likanywa uji mtupu. Mwalimu Kornelio, aliyesimamia kazi za kujitegemea, alisubiri mpaka Werema apone. Ndipo akasimama mbele ya wanafunzi wote.

"Kijiji hiki ni cha ujamaa, si cha Werema," alisema. "Kuanzia leo viongozi wa kazi watabadilishana kwa wiki mbili. Bhoke atatoka kwenye kitalu cha kahawa aende kwa mifugo. Werema atashika kitalu. Haya ni mafunzo, si adhabu. Kila mmoja amfundishe mwenzake kazi yake yote."

Werema alihisi damu ikimpanda usoni. Angalau angekuwa mtu mwingine, lakini Bhoke! Baba yake Bhoke alikuwa balozi wa nyumba kumi. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, yeye ndiye aliyekuja kilimani kuwahimiza akina Werema wabomoe nyumba yao na kushuka kwenye mistari ya nyumba mpya. Bibi yake Werema alilia njia nzima. Tangu siku hiyo Werema na Bhoke hawakuwahi kusalimiana, na wala hawakuona haya kwa hilo.

"Mura, ng'ombe wako sasa wataongozwa na gauni!" Nyangwine, mchungaji wa zamu, alimtania, akimwita kijana kwa Kikurya. Wavulana wakacheka. Werema hakucheka.

Walianza kukabidhiana kitaluni. Bhoke hakumtazama usoni hata mara moja, lakini kinywa chake hakikupumzika.

"Usimwage maji kama unazima moto wa nyumba. Kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Hizi nyasi za juu ni kivuli, usizitoe zote siku moja, miche itaungua. Na ukiona mche umelala chini, usiung'oe tu kama mpumbavu. Fukua pembeni yake kwa vidole viwili. Utamkuta sota, yule kiwavi wa udongoni anayekata miche. Ukimwacha, kesho atakata mwingine. Umesikia, au nirudie kwa Kikurya?"

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua."

Kisha wakaenda zizini. Werema alimwonyesha miti ya lango, ndama wa kutenganishwa na mama zao, na mahali pa kupeleka samadi. Alisema kwa haraka na kwa sauti ya chini.

"Na Alhamisi?" Bhoke aliuliza.

"Alhamisi ni josho. Unawapeleka kwa Mzee Simioni, wanaogeshwa dawa ya kupe, unawarudisha. Basi."

Haikuwa basi. Kila Alhamisi Werema aliwazungusha ng'ombe kwa njia ndefu ya mtoni, wakanywa mpaka wakaacha maji wenyewe, ndipo akawapeleka joshoni. Ng'ombe mwenye kiu akitumbukia ndani ya josho hunywa yale maji ya dawa, na dawa ile ni sumu. Werema alilijua jambo hilo kama alivyolijua jina lake, lakini alilimeza. Alijiambia kwamba Mzee Simioni atawaona ng'ombe wana kiu, atawafukuza, na shule nzima itamcheka Bhoke. Hilo tu ndilo alilolitaka, naye apate kucheka.

Alhamisi ikafika. Ilikuwa kiangazi na vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye kope. Werema alikuwa kitaluni na debe la maji alipowaona ng'ombe wakipita chini ya mteremko. Bhoke alikuwa mbele, Nyangwine na mchungaji mwenzake nyuma. Hao wawili walikuwa wa zamu kwa mara ya kwanza siku ya josho, nao hawakujua lolote zaidi ya kufuata. Walishika njia fupi. Werema alitabasamu, akaendelea kumwagilia.

Kwenye tuta la tatu mche mmoja ulikuwa umelala chini. Alichuchumaa, akafukua pembeni kwa vidole viwili, na hapo hapo akamkuta sota, mnene, amejikunja. Alimtazama yule kiwavi na tabasamu likamwisha. Bhoke anamchukia, na amemtukana kila alipofungua kinywa, lakini hakumficha neno. Angeweza kuliacha hili moja, na miche ingekufa mikononi mwa Werema.

Ndipo akakumbuka jambo jingine. Mzee Simioni hakagui ng'ombe wa shule! Hajauliza kama wamenywa maji tangu Werema awe kiongozi, kwa sababu Werema hajawahi kukosea. Leo pia hatauliza.

Aliacha debe likimwagika, akakimbia.

"Wasimamisheni! Hawajanywa!" alipiga kelele kabla hajafika joshoni. Alikuwa amechelewa. Fahali wawili walikuwa wameshavuka salama, na Kijivu alikuwa amesimama upande wa pili akichuruzika dawa, miguu inatetemeka na mate yanamtoka kama uzi.

"Amekunywa!" Mzee Simioni alifoka. "Nimemwona kwa macho yangu, amekunywa kama yuko mtoni!" Akamgeukia Bhoke na fimbo yake. "Nani alikutuma ulete ng'ombe wenye kiu? Msichana na josho wapi na wapi? Unataka kuua mali ya kijiji?"

"Sikujua, mzee," Bhoke alisema. "Naapa sikujua."

"Hukujua! Baba yako balozi anajua kuamuru watu, wewe hujui kunywesha ng'ombe!"

Watu waliokuwa wakisubiri zamu yao wakaguna kumuunga mkono. Hapo Werema aliona njia imefunguka mbele yake, nyeupe kabisa. Angenyamaza tu, na kila mtu angerudi nyumbani akisema Bhoke ndiye mwenye kosa. Alimtazama Kijivu, akaona aibu.

"Mzee, ni mimi," alisema. "Nilijua. Sikumwambia makusudi."

Bhoke alimwendea akamzaba kofi, na hakuna mkubwa aliyemzuia.

Nyangwine alitumwa kwa baiskeli kumwita bwana mifugo, Ndugu Hezekia. Alifika akatoa amri: mkaa usagwe, ukorogwe na maji, Kijivu anyweshwe kwa chupa. Akampiga na sindano. Werema alimshika Kijivu pembe na Bhoke akamimina, wakiwa karibu kugusana vichwa. Alasiri mtetemeko ulipungua, na kabla ya jua kuzama Kijivu akajaribu kucheua.

"Atapona," alisema Ndugu Hezekia. "Lakini maziwa yake yamwagwe wiki tatu. Yana dawa."

Kesho yake Mwalimu Kornelio alimpeleka Werema darasa la kwanza wakati wa uji. Vikombe vilikuwa mezani, na uji ulikuwa mweusi kwa kukosa maziwa.

"Waambie," mwalimu alisema.

Werema aliwaambia yote. Kisichana kimoja, Teresia, kiliweka kikombe chini. "Kwa nini hukumwambia?" kikauliza.

Machozi yakamtoka Werema mbele ya watoto wa miaka saba.

Mwalimu alimwita nje, akamwita na Bhoke. "Werema, sikiliza," alisema. "Hukumpiga ng'ombe wala hukuiba. Ulinyamaza tu, na ukimya wako ulikuwa uongo. Mtu anayeficha kazi anayoijua anadhani anajijengea heshima. Kumbe anawaweka wenzake kwenye hatari, na siku moja hatari hiyo inakula kile anachokipenda. Bhoke hakupendi, lakini alikufundisha kwa ukweli. Si lazima mpendane ndipo mfanye kazi ya watu wote kwa uaminifu. Kubadilishana kunaendelea. Na kutakuwa mwezi mzima."

Mwalimu akaondoka. Bhoke alitoa daftari na penseli.

"Sijakusamehe," alisema. "Ujue hivyo."

"Najua."

"Sema sasa. Anza na josho."

Werema akaanza. Alitaja maji ya mtoni, kisha namna ya kumtambua ng'ombe mwenye ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kwa matezi yake, kisha majani yanayovimbisha tumbo, na kila alipodhani amemaliza alikumbuka jingine. Bhoke aliandika kurasa nne bila kumshukuru, akafunga daftari, akaenda kutoa miti ya lango.