Hodi Isiyongoja Karibu

Majirani zangu wa Sokomuhogo, nakuombeni mnisikilize, kwani jambo hili mpaka leo linanikosesha raha.

Mnaikumbuka nyumba ya Bi Mwanakheir, muuza udi. Alasiri uchochoro wake ulikuwa mtulivu, unanukia mpaka barazani kwangu. Yeye hakumganda mtu na bidhaa. Alibisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa, alirudi zake. Akikaribishwa, aliuliza kwanza, "Nkuhadithie udi huu?" Ukimkubalia, ndipo alipokusimulia ulivyopikwa, na ulifukizwa harusi ya nani. Hata waliohamia Uroa walimwomba awarikodie sauti kwenye simu, wakazingoja kwa hamu. Udi wake haukulala bila mnunuzi.

Kisha akafa. Mwanawe, Ridhwan, akarithi mkebe wa udi na simu yenye sauti za mamaake. Kijana mwenyewe ana pupa. Akachukua nambari zetu kutoka kundi la maziko la simuni, lile lile lililomzika mama yake, akawa anaturushia sauti ya marehemu asubuhi na jioni. Tumemlilia juzi, leo anatubishia hodi mifukoni!

Nikamwendea. "Ridhwan, nani alokwambia anataka?"

"Bi Amne, watu wakimpenda mama. Nnawakumbusha tu."

"Mamaako akingoja karibu."

"Biashara ya siku hizi haingoji," akacheka.

Haukupita muda, Bi Tahiya, shoga wa marehemu tangu utotoni, akafiwa na mumewe. Akakaa eda, na mnajua mwenye eda hagusi manukato. Tulikuwa tumemzunguka chumbani, simu yake ikalia. Akaibonyeza akidhani ni rambirambi.

"Hodi, shoga! Leo jifukize vizuri, bwana yuko njiani anarudi."

Sauti ya Mwanakheir, na kicheko chake. Bi Tahiya akageuka kutazama mlango. Wallahi, sote tuligeuka. Hakuingia mtu. Ndipo akapiga ukelele ambao bado nausikia nikilala.

Tangu hapo watu wakaifungia nambari ile. Wakafuta sauti zote za Bi Mwanakheir, hata zile walizoziomba wenyewe, kwa woga. Nami nilizifuta. Siku hizi akitajwa, watu hutazama milango yao.

Ridhwan alikuja kumwomba radhi Bi Tahiya. Alisimama nje, akabisha hodi kwa mahadhi yale yale ya mamaake. Akangoja. Akabisha tena, na mara ya tatu. Tulikuwamo ndani sote, hatukuitika. Tukasikia makubadhi yake yakirudi yalikotoka.

Mafunzo

Enyi wenye kuuza, bisheni hodi na mngoje. Hadithi nzuri humleta mteja kwa miguu yake, lakini ukimrushia asiyeiomba, humfukuza. Na sauti ya mtu, hai au marehemu, usiichuuze bila ya ruhusa. Ridhwan alitaka tumsikie mama yake kila siku. Leo hana hata mtu mmoja wa kumsikiliza yeye mwenyewe.