Kilele Kilichopinduka

Jumatatu asubuhi chumba cha kupimia kilinuka nywele zilizoungua, wala hapakuwa na moto. Mkemia akaguna, akafungua dirisha, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ni kumulika dawa na mafuta kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mashine huchora mstari wenye vilele, na kila kemikali hujulikana kwa vilele vyake. Ila kwanza hupimwa hewa tupu, ili mashine iifute kwenye kila sampuli. Fundi wa mitambo, mzee mwenye utani mwingi, alishamwambia: hewa tupu ikichora kilele usichokijua, usikikubali. Toka nje, bisha hodi, upime upya. Mkemia alicheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi hiyo hewa ikachora kilele. Si cha unyevu, si cha pumzi yake. Lakini nyumbani bintiye alikuwa hoi kwa homa siku ya tatu, bibi yake akimkanda kwa maji, na mama mtu roho ilikuwa juu juu, anataka amalize aondoke. Akabonyeza kukubali. Sampuli zote zikatoka safi.

Jumanne mchana, akipima sampuli kwa kipimo kilekile cha hewa cha jana, kilele kikatokea kichwa chini, kimechimba shimo kwenye mstari. Maana yake aliijua: kilichokuwemo chumbani wakati wa kupima hewa hakimo tena. Na ile harufu ilikuwa imekatika.

Fundi aliangalia mchoro, hakutania. "Jana uliondoka na nini humu?" akanong'ona.

"Koti langu la kazi. Mtoto alikuwa anatetemeka, nikamfunika nalo."

Alitoka mbio bila mkoba, akipiga simu ambayo haikupokelewa, akijilaani kwa ile hodi aliyoona uvivu kuibisha, akaahidi kwa Mungu kila alichoweza kuahidi, hadi akamkuta mama yake mlangoni anatabasamu: homa imeshuka, mjukuu amekula akamaliza, yuko kitandani anamngoja.

Chumbani kulinuka nywele zilizoungua. Mtoto alikuwa ameketi wima, koti amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Mama," akasema taratibu, "kwenye kila sampuli nilikuwepo. Mbona ulikuwa unanifuta?"