Klachi ya Pili

Ndugu zangu wa mitaa hii, sikilizeni yaliyompata Luseno wa mtaa wa Tena, maana nyumba yake ilikuwa nyumba ya raha. Mwaka ule wa tisini na saba, kila Jumapili baada ya ibada, yeye na Patrobas, ndugu mdogo wa mkewe Mideva, waliosha pikapu pamoja nje, Mideva akiwatania kutoka mlangoni. Pikapu hiyo ndiyo iliyowalisha. Siku za kazi Patrobas alibeba nayo marobota ya mitumba kutoka soko la Gikomba. Wikendi Luseno aliiendesha mwenyewe.

Mara ikaanza usumbufu. Ikipanda mlima, injini ilinguruma lakini gari likajikokota, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Fundi Mbuthia alishusha gia boksi, akatoa sahani ya klachi iliyolika ikabaki chuma kitupu.

"Mzee, gia ziko sawa," alisema. "Hii imeuliwa na mguu. Kuna dereva anakalia klachi, mguu haumtoki pale. Akisimama mlimani anashikilia gari na klachi badala ya handbreki."

"Ni Patrobas!" Luseno hakungoja hata kufikiri.

Kumbe Patrobas ndiye aliyewahi kumwambia, tena kwa adabu, "Shemeji, toa mguu kwa klachi, tutaichoma." Maneno yale yalimkera Luseno. Afundishwe na kijana ambaye yeye Luseno ndiye aliyemfundisha kuendesha? Sasa alipata pa kulipizia.

"Shemeji, si mimi," Patrobas alijitetea. "Uliza wale tunabeba nao mzigo."

"Unanifanya mjinga kwangu? Chukua nguo zako uende!"

Mideva alipiga magoti mbele ya mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Baba Khavere, huyu hana mtu mwingine hapa Nairobi." Luseno akamgeuzia mgongo.

Kufukuza hakukumtosha. Alizunguka Gikomba akimtangaza shemeji yake kuwa mharibifu wa magari, na hakuna mwenye gari aliyempa tena ufunguo. Patrobas akawa hamali, na jioni uchungu wake akauzamisha kwenye changaa, ile pombe haramu ya kienyeji, kule mtaa wa Majengo.

Luseno akaendesha peke yake. Hakumwazima mtu gari hata siku moja. Kabla mwaka haujaisha, ikaja harufu ile ile. Mbuthia akatoa sahani ya pili, imeungua vile vile.

"Nani mwingine anaendesha hii gari?"

"Hakuna," Luseno akajibu. Jamani, kuna jibu chungu kuliko hilo?

Mahamali wa Gikomba wakamwelekeza hadi chumba alichopanga Patrobas. Alimkuta ameketi kitandani, macho wazi, akitazama mlangoni.

"Ni nani?" Patrobas akauliza.

"Ni mimi, shemeji. Haikuwa wewe. Nisamehe. Rudi nyumbani, uendeshe gari."

Patrobas akanyoosha mkono, akapapasa hewa, akakosa bega la shemeji yake. "Niendeshe na macho gani?"

Changaa yenye sumu ilikuwa imewaua wenzake wawili wiki hiyo. Yeye ilimwachia uhai, ikamchukua macho. Luseno alilia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia.

Mideva alimleta ndugu yake nyumbani. Anampikia, anamshika mkono kwenda chooni. Naye mumewe, Mideva humwekea chakula mezani, wala hamsemeshi.

FUNZO

Wenzangu, ukiambiwa gari limeharibiwa na dereva, na wewe ni dereva, anza na mguu wako. Usimtwike kosa mtu kwa sababu tu anakula kwako na hawezi kukujibu. Luseno alipata klachi nyingine. Macho ya Patrobas hayauzwi Gikomba wala kwingineko.