Koti Lililofumuliwa Pindo

Jumanne koti lilikuwa na ratili sita. Jumatano lilikuwa na nane.

Twila Reber aliishusha mizani mezani, akaipangusa kwa kiganja, akaweka juu yake kopo la mahindi ambalo uzito wake umeandikwa ubavuni. Mizani ilikuwa sawa. Akalipima koti tena. Nane. Akalikazia macho kama mke anavyomkazia macho mume aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Na huyu hakuwa mtu wa kubabaishwa na mizani. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, anakaa nje kidogo ya mji wa Reading, Pennsylvania, na mkate wa nyumba yake ulitoka Masandukuni. Ndivyo walivyopaita wenyewe, ghala lile ambako nguo zilizokosa mnunuzi kwenye maduka ya mitumba humwagwa ndani ya masanduku ya bluu yenye magurudumu, watu wakachimba kwa mikono yao, wakalipia kwa ratili. Twila alichimba, akafua, akapiga pasi, akauza mtandaoni, na kila kifurushi alikipima kabla ya kukipeleka posta.

Masandukuni kuna sheria. Sanduku jipya likisukumwa ndani, wote husimama nyuma ya mstari wa njano, mikono mgongoni, mpaka kipenga kilie. Mwenzio akishashika kitu, wewe unaondoa mkono. Na kabla hujafika kwenye mizani ya mlangoni, unapunguza: henga nje, mkanda nje, vikorokoro vya mfukoni nje. Wapo wanaong'oa hata soli za ndani za viatu, na hawaoni haya. Twila ndiye alikuwa bingwa wao. Alitembea na wembe ndani ya glavu.

Koti lenyewe lilikuwa la kiume, sufu nyeusi, refu, limeshonwa kwa mkono, halina vifungo bali kulabu, kama walivyovaa wakulima wa zamani wa mabonde yale. Wakusanya vitu vya kale huligombania koti la namna hiyo. Kasoro yake ilikuwa pindo, zito kana kwamba limelowa. Twila alipapasa akakuta vitu vigumu vimeshonewa ndani, akapitisha wembe. Vikadondoka vipande tisa vya chuma, kila kimoja kimeviringishiwa karatasi yenye mwandiko wa Kijerumani uliofifia. Vyuma akavitupa kwenye sanduku la vyuma, karatasi akaziangusha sakafuni, akaenda kulipa uzito wa sufu peke yake, moyo mweupe.

Jioni ile ile mumewe, Merle, alilivaa koti kwenda kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi za nje zilizoganda. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha betri miaka thelathini na moja, akastaafu na saa ya ukutani ya zawadi na moyo uliochoka. Maji yalikuwa yakimjaa miguuni, hivyo nesi alimwamuru ajipime kila asubuhi na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji.

"Jepesi kama shati," alisema akilivua. "Ukiliuza hili utakuwa umekosa akili, mama."

"Nisipoliuza utakula kulabu zake," Twila akamjibu, akalitundika juu, kwenye chumba cha bidhaa.

Jumatano, basi, nane. Alhamisi kumi na moja. Twila aliangalia kama paa linavuja, halikuvuja. Koti lilikuwa kavu, ila lilinuka kama shimo la kuhifadhia viazi baada ya viazi kuoza. Alilipulizia siki, akafungua dirisha, harufu ikatulia dakika chache kisha ikarudi, safari hii ikateremka mpaka jikoni.

Merle kwa upande wake alikuwa na furaha. Alikuwa amepungua. Nesi alimpongeza kwa simu, akasema ni maji yanayotoka, aendelee hivyo hivyo. Merle akala mabakuli mawili ya kuku na tambi nene, akashinda akitamba kwamba kufikia Pasaka atacheza dansi.

Ijumaa mchana theluji ilikuwa ikianguka kwa utulivu, wawili hao wameketi jikoni, na Twila akaona kwamba mwenzake anakishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, kama mtoto. Alitaka kusema neno. Ndipo ubao wa sakafu ulipolia juu ya vichwa vyao.

Ulilia mara moja, ukanyamaza. Ukalia wa pili, karibu zaidi na ngazi.

"Nani yuko juu?" Merle akanong'ona.

"Wewe uko hapa. Mimi niko hapa."

"Ndiyo maana nauliza."

Twila akapanda. Alipanda akiwa ameshika chuma cha kuchochea moto, akijiambia kwamba nyumba ni kuukuu na baridi hukaza mbao, na kila ngazi aliyoikanyaga harufu ya shimo la viazi ilizidi kumjaa kooni, mpaka akafika mlangoni pa chumba cha bidhaa akaona kwamba koti, ambalo yeye mwenyewe alilitundika likiangalia ukuta, sasa limegeukia mlango, na mabega yake hayakulegea tena kama mabega ya nguo iliyotundikwa bali yamejaa, na mikono yake imejaa, na mbao za sakafu chini ya lile pindo lililofumuliwa zimebonyea kidogo, kama zinavyobonyea chini ya mtu mnene aliyesimama muda mrefu akimsubiri mwenziwe apande.

Alifunga mlango. Na aliposimama pale kwenye korido, akahisi mtu nyuma yake, akageuka akamwona Merle. Alikuwa amepanda ngazi zote kumi na tatu, ngazi ambazo kwa miaka ishirini ziligombana na kila mguu wake, na hakuna hata moja iliyolia.

"Mbona sikukusikia?" Twila akamuuliza.

"Hata mimi sijajisikia," alisema Merle, uso umemnywea.

Usiku huo walilala sebuleni, na wala hawakuambiana kwa nini.

Asubuhi ya Jumamosi Twila alibandua karatasi ya friji akaiweka kando ya ile aliyoandikia uzito wa koti. Merle alikuwa ameanza na mia moja tisini na nne. Alipopoteza mbili, koti lilipata mbili. Alipopoteza tatu, koti lilipata tatu. Nne kwa nne. Akapanda akalipima koti huku ameangalia pembeni: ishirini na moja. Akamsaidia Merle kupanda mizani: mia moja sabini na tisa. Jana usiku pekee lilikuwa limekula sita. Akapanda mizani na yeye, kwa kuwa alikuwa ameshaishika kalamu: mia moja tisini na tatu, yake ya siku zote.

Merle alikuwa hawezi tena kufunga kamba za viatu. Mwendo ule, asingefika Jumamosi nyingine.

Mtu mmoja tu alimjia kichwani. Jumanne ile, kabla yeye hajalishika koti, lilishikwa na Verna Zerbe, ajuza wa miaka themanini na tatu ambaye huja Masandukuni kutafuta sufu za kusukia mazulia, na ambaye watu wa kijijini kwao humpelekea watoto wenye homa na ng'ombe wasiotoa maziwa. Verna aliligusa akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria jikoni. Twila akacheka kimoyomoyo, akachukua.

Alilikokota koti mpaka kwenye gari kwa shuka, kama maiti, akaenda. Verna alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akila mkate.

"Hukuniambia," Twila alisema.

"Ulikuwa umeshashika. Sheria si mnaijua?" Verna akafuta makombo. "Nilijua limefungwa, nikajua halitakudhuru. Ulifanya nini?"

Twila akamwonyesha pindo.

Ajuza alipitisha kidole kwenye nyuzi zilizokatwa. Halafu akasema angeuona ule wembe angemkata nao vidole. Humo ndani, alisema, mna jini. Halina uzito wake, ndiyo shida yake yote. Linatafuta uzito kama wengine wanavyotafuta damu. Wazee walilishikilia kwa chuma na maneno. Sasa linamla mtu wa mwisho aliyevaa koti, na halitamwacha mpaka limmalize, au mwingine avae.

"Lichomwe."

"Alichokula mumeo kimo humo. Unataka kumchoma?"

"Basi shona. Rudisha chuma."

"Nikishona sasa, nitamshonea mumeo humo humo na hali yake hiyo. Avae mwingine kwanza, ndipo nishone, kabla halijaanza kutafuna." Verna akatazama mlango wa ghala, watu wakiingia na matoroli yao. "Humo ndani kila koti hujaribiwa na mtu. Sikuambii ufanye. Nakuambia linavyokwenda."

Twila hakusubiri dhamiri yake iamke. Mfanyakazi alipokuwa akisukuma sanduku jipya na kugeuka kufungua mlango wa pili, yeye alilibwaga koti juu ya rundo, akaenda kusimama na wenzake nyuma ya mstari wa njano, mikono mgongoni. Kando yake alisimama msichana mwembamba aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuwa hakuna koti lililoweza kufunga kwenye tumbo lake la miezi saba au minane. Alikuwa amelikazia macho koti jeusi.

"Lile linanitosha hata na huyu," alimwambia Twila, akijipapasa tumbo. "Usiniibie, mama, nakujua wewe."

Twila akamwangalia tumbo. Akamfikiria Merle na kikombe chake. Akafikiria ratili ngapi anazo mtoto asiyezaliwa, akajichukia kwa kuwa alizijua bila kufikiri: tano, sita. Chakula cha asubuhi moja.

Kipenga kikalia.

Msichana alikuwa mwepesi. Alilishika koti kwa mikono miwili, akalivuta, akashangaa uzito wake, akaanza kutia mkono mmoja kwenye shimo la bega. Twila alimrukia. Miaka kumi na minne Masandukuni hakuwahi kumnyang'anya mtu kitu kilichoshikwa, na sasa alimnyang'anya mama mjamzito mbele ya watu arobaini, akalichomoa koti kwenye vidole vyake, akalivaa.

"Bibi wewe una kichaa?" msichana alisema. "Nimeshashika! Si mmeniona nimeshika?"

Waliona. Mmoja alimwambia Twila hana haya, mwingine akamuuliza kama anataka na sweta pia. Yeye hakuwasikia vizuri. Koti lililomvunja mgongo kwenye ngazi za nyumbani lilikuwa jepesi kama shati. Na ndani ya mikono yake mlikuwa na joto, joto la mikono ya mtu mwingine aliyetangulia kuvaa na ambaye hajavua.

Verna alikwishafika kwenye sanduku la vyuma, akachagua funguo tisa kuukuu zenye kutu. Vile vipande vya Jumanne vilikuwa vimeshapelekwa kuyeyushwa, na karatasi zake zilikuwa zimefagiwa.

Kijana wa mizani alisema koti livuliwe lipimwe. Twila akasema halivuliki. Foleni ikaanza kunung'unika, na yule kijana, kwa hasira, akamwambia basi apande mwenyewe kwenye mizani ya matoroli. Akapanda. Namba nyekundu zikacheza, zikatulia: mia moja tisini na tatu.

Koti halikuongeza kitu. Tayari lilikuwa limemhesabu Twila kuwa lake.

"Nikulipishe nini hapo?" kijana aliuliza.

"Funguo," alisema Verna. "Haraka, mwanangu."

Alimshonea ndani ya gari, Twila amekaa kitako, pindo mapajani pa ajuza. Kila ufunguo Verna aliuviringishia kipande cha karatasi alichokiandika kwa penseli, midomo ikicheza. Kwenye ufunguo wa tano mkono ulisita. Alisema maneno yalikuwa ya bibi yake, na bibi yake alikufa yeye akiwa na miaka kumi na moja, na mtoto wa miaka kumi na moja hasikilizi mpaka mwisho.

"Unakumbuka mangapi?"

"Nusu. Nusu na kidogo." Akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo litashikwa nusu na kidogo. Vua sasa. Usimpe mtu, usiuze. Mtu asilivae tena. Na ule, Twila. Ule vizuri."

Jumapili Merle alibaki pale pale, mia moja sabini na tisa. Jumatatu alipanda. Kufikia wiki ya pili ngazi zilianza tena kumgomba, na Twila alisimama chini akizisikiliza moja baada ya nyingine mpaka ya kumi na tatu.

Koti alilitundika chumba kile kile, likiangalia ukuta. Yule msichana Twila alimtafutia jingine, jekundu, zito la haki, akamwachia kwenye toroli bila kusema neno, na msichana akalichukua bila kumsamehe.

Kila Jumamosi Twila hupima. Kwanza koti, kisha yeye. Robo ratili kwa wiki, halizidishi. Maisha yake yote alisimangwa kwa unene, na mama yake ndiye aliyeanza. Sasa alikaa chini na penseli akapiga hesabu ya akiba aliyonayo, akaona inatosha miaka kadhaa, akikaza kula. Hakumwambia mtu. Merle angetaka kulivaa.

Mwezi wa nne, siku za joto za kwanza, Merle alikuwa akimtazama akihangaika na sufuria. Alikuwa na mashavu mekundu, amerudi kuwa yule yule wa maneno mengi.

"Umependeza siku hizi, mama," alisema. "Umepungua. Una siri gani?"

Juu ya vichwa vyao ubao ulilia, mara moja, taratibu, kama mtu anayehamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu mwingine.

"Mbao za masika," alisema Twila, akajipakulia sahani ya pili.