Pampu Yenye Njaa

Mwamba uliwapiga ubavuni kabla nahodha Shimba hajamaliza kusema "shikeni!" Boti la mbao liliruka, likatua vibaya, na ubao mmoja chini ya maji ukapasuka. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nyuma yao kisiwa cha Kome kilikuwa kimemezwa na mvua. Mbele, upande wa Kamanga, hakukuonekana kitu ila mawimbi ya kijivu yakikimbizana.

Walikuwa watatu. Shimba, mwenye boti. Ayoo, mfanyabiashara wa dagaa, na magunia yake. Na Odeta, fundi wa pampu kutoka Nyegezi, aliyekwenda kisiwani kupima mitambo ya maji. Tangu waondoke alikuwa amewaamkia wenzake shikamoo, basi.

"Magunia majini!" Shimba akaamuru.

"Magunia yangu?"

"Au wewe."

Ayoo akalisukuma la kwanza kwa mguu, huku akilitukana kwa Kijaluo kama vile lilimkosea.

Shimba akawasha pampu ya kutoa maji. Ilinguruma pale chini, lakini mpira wake ulitoa kijimkojo tu. Maji yalipanda kutoka vifundoni hadi magotini. Nahodha akashika spana.

"Imekufa hii. Naifungua."

"Usiifungue, baba," Odeta akasema. Upepo ukaichukua sauti yake. Akamdaka mkono. "Usiifungue! Imezibwa kiwandani. Ukiifungua maji yanaingia kwenye mota, tunabaki na ndoo tu."

"Sasa tutajuaje inaumwa nini?"

"Waya utatuambia."

Akachomoa mita yake yenye mdomo kama koleo, akaubana kwenye waya mmoja wa betri iliyofungwa juu ya benchi. Akafuta mvua kwenye kioo. Akasoma, akasoma tena.

"Ubavuni mwa pampu imeandikwa ampea kumi. Ndicho chakula chake ikishiba maji. Ikikwama, inapitiliza. Hii inakula nne, tena imetulia. Mota ni nzima, baba! Haipati maji. Ina njaa."

"Hata mimi," Ayoo akasema akichota kwa ndoo, "ila mimi hamnipimi."

Shimba akajipiga paji la uso. "Niliivisha!" Kama wafanyavyo wenye boti za dagaa, aliishonea pampu mfuko wa wavu ili magamba yasiingie. Mfuko ulikaa humo tangu masika. Akapiga magoti, akazamisha mkono hadi begani, shavu likalala juu ya maji, kisu kikitafuta njia bila macho. Alipoinuka kiganja kilikuwa kinachuruzika damu, na ndani yake lilikuwamo tambara linalonuka, limegandwa na unga wa dagaa kama ugali.

Mpira uliruka kama nyoka, ukatapika nje ya boti.

"Saba!" Odeta akapiga kelele. "Tisa! Kumi!"

Furaha haikudumu. Bila mfuko, takataka zilikwenda moja kwa moja kwenye pampu. Kumi na mbili. Kumi na nne.

"Zima! Inakwama, itaungua!"

Ayoo akazima. Odeta akabadilisha nyaya mbili za betri, hii hapa, ile pale, cheche zikimuuma vidole.

"Washa! Inazunguka kinyume, iteme!" Mguno mfupi, kisha magamba yakaelea. "Zima!" Akazirudisha nyaya. "Washa!"

Kumi.

Ikawa hivyo. Ayoo akamfunga Shimba kiganja kwa kipande cha kitenge, akarudi kwenye ndoo na swichi. Shimba akasimama tezini, nyuma ya boti, akiongoza kwa kasia, mgongo kwa upepo, akiyaacha mawimbi yawasukume. Odeta hakuondoa macho kwenye mita, akawa anaita namba kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na wenzake wakafanya alivyosema. Mara namba zikatetemeka, akaishika mita kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. "Vumilia, mama. Vumilia."

Kisha zikaanza kushuka: nane, saba, sita.

"Imeziba tena?" Shimba akauliza.

"Hapana! Mngurumo wa pampu unafifia na mpira unalegea pamoja. Betri inachoka! Dada Ayoo, ndoo!"

"Ndoo ipi, mikono imekwisha!" Lakini alichota, akalia, akachota.

Pazia la mvua likapasuka. Kivuko cheupe! Nyumba za Kamanga! Wavuvi waliokuwa wakivuta mtumbwi wao mchangani waliwaona, wakausukuma tena majini, wakarusha kamba. Shimba akaidaka kwa mkono uliofungwa, wala hakuhisi maumivu.

Ufukweni watu wakawazunguka. Mzee mmoja akamwinamia Odeta, aliyekaa mchangani na kushika mita kwa mikono miwili. "Binti, mmeokokaje na boti limepasuka hivi?"

Odeta akafungua kinywa. Hakikutoka kitu, hata mnong'ono. Akajaribu tena, akaanza kucheka bila sauti, machozi yakimtiririka.

"Mwacheni," Ayoo akasema, akimvuta kifuani. "Sauti yake yote ilibaki ziwani. Ndiyo iliyotuleta."