Chumba Kilichofungwa Ndani ya Diski

Oydin alikuwa akimimina chai ya kijani aliposikia mumewe akiguna. Kompyuta ilikaa pembeni mwa chumba kilekile walichokula na kulala na watoto wao watatu.

"Diski imejaa," alisema Sobir. "Filamu haihifadhiki."

Oydin akaliweka birika chini. Ilikuwa filamu ya arusi ya Dilrabo, mteja wa Sobir aliyeishi kwa kupiga video za arusi. Bibi yake Dilrabo alimwombea dua siku ile, kisha akafariki. Kesho ilikuwa arobaini yake, na ukoo mzima ulitaka kumwona tena.

"Nifute rekodi za kamera," alisema Sobir. "Si nimeshazikata na kuziunga?"

"Baba Kamola, usithubutu! Filamu bado haijahifadhiwa, inachota picha humohumo. Ukizifuta, bibi wa watu tumemzika mara ya pili!"

Akatoka mbio. Akarudi na jirani yao Munavvar, mwalimu wa kompyuta, unga wa mkate ungali mikononi.

"Toa mkono, shemeji," alisema Munavvar. "Una nakala?"

"Sina."

"Ehe! Na unalala usingizi? Lete diski ya nje kwanza."

Nakala ilikwenda polepole. Chai ya Oydin ikapoa bila kuguswa.

Kisha Munavvar akafungua ukurasa wa kusimamia diski. Sehemu moja ilijaa pomoni. Kando yake palikuwa na sehemu kubwa nyeusi.

"Na hii?"

"Tuliikuta hivyo tuliponunua. Tukaogopa kuigusa."

Munavvar akautazama mlango wa chumba cha wageni, uliofungwa kwa ufunguo.

"Nyie kweli! Watu watano mmebanana hapa, chumba kizima kinangoja mgeni. Na diski mmeifanyia vilevile!"

Sobir akacheka kwa shida. "Tufanyeje, dada?"

"Diski hugawanywa kama nyumba. Sehemu hii haijaandaliwa, ndiyo maana kompyuta haiitumii. Tuiandae, tuipe herufi ya kuitambulisha, tuhamishie filamu za arusi za zamani. Lakini soma kabla ya kubonyeza. Ukiandaa upya sehemu yenye vitu, umevifuta."

Oydin akasoma kwa sauti. "Sehemu tupu. Haina herufi."

"Haya, bonyeza."

Arusi za zamani zikahamia. Sobir akajaribu tena kuhifadhi. Safari hii ikahifadhika, akaifungua. Mara bibi akatokea kwenye kioo cha kompyuta, viganja juu, midomo ikicheza.

"Amina," alinong'ona Oydin.

Tangu siku ile Sobir hagusi filamu kabla ya kutoa nakala. Na jioni ya siku ileile alishangaa kumwona mkewe akifungua chumba cha wageni.

"Anakuja nani?"

"Kamola na wadogo zake," alijibu Oydin, akibeba magodoro.