Kivuli Kwenye Kioo Kipya

Kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, nyumba ya Shaib pale Pongwe ilinukia ubani. Mfukizaji alikuwa Bibi Mwanamkasi, mama yake Shaib, mzaliwa wa Pemba. Alitia makaa ya moto kwenye chetezo cha udongo, akadondosha chembe za ubani, kisha akazunguka chumba kwa chumba huku akisoma dua. Lakini tangu mumewe, Babu Massoud, alipofariki, Bibi alikuwa amekaa eda. Mjane akiwa edani hutulia nyumbani, akajiweka mbali na mapambo na manukato. Kwa hiyo kazi ya chetezo akapewa Tuhfa, mjukuu wake wa darasa la sita.

Tuhfa alikuwa mwepesi wa miguu, na wa maneno alikuwa mwepesi zaidi. Mama yake, Samiha, alimjua vizuri. Kila Alhamisi alimkumbusha kwamba chetezo ni moto, hakiwekwi mahali popote mpaka nyumba nzima imalizike, kisha hupelekwa uani kwenye mchanga. Tuhfa aliitikia ndiyo mama kabla hata maneno hayajaisha.

Msimu wa machungwa ulikuwa umekwenda vizuri. Shaib, aliyekuwa akinunua machungwa Muheza na kuyapeleka mjini Tanga, alirudi siku moja na televisheni bapa, kubwa kama mlango uliolazwa ubavu. Waliiingiza watu wawili, wakaiweka juu ya meza fupi sebuleni. Shaib alisema ameinunua kwa ajili ya mama yake, asije akazidiwa na upweke humo ndani. Bibi alinung'unika kwamba nyumba yenye msiba haiingizwi mambo ya tamasha. Ndipo Shaib akatafuta stesheni inayoonyesha Maka, watu wakiizunguka Kaaba usiku na mchana. Bibi akasogea kutazama. Babu Massoud alikuwa ameweka nia ya kuhiji tangu ujanani, na amekufa hajakwenda. Kuanzia siku hiyo mkeka wa Bibi ulihamia mbele ya televisheni.

Majirani walikuja kuitazama. Wengine waliisifu bila kusema mashaallah, na Samiha alilalamika jikoni kwamba kuna macho hayana huruma. Tuhfa alimsikia. Basi Alhamisi iliyofuata, Bibi akiwa amejilaza chumbani na mama akichambua mchele uani, Tuhfa alisimama mbele ya televisheni na chetezo mkononi, akafikiri. Nguo mpya za Idi hufukizwa. Vyombo vya bibi harusi hufukizwa. Kitu kipya kuliko vyote humu ndani kwa nini kisifukizwe, kikingwe na macho ya husuda? Akakiweka chetezo juu ya meza, chini kabisa ya kioo, moshi ukawa unakipanda taratibu.

Mara wenzake wakamwita nje kwenye mchezo wa rede. Akajiambia atakwenda dakika moja. Rede haina dakika moja, kila mtoto wa Pongwe anajua hilo.

Aliporudi, makaa yalikuwa majivu. Alikipeleka chetezo uani, akaja kuiwasha televisheni. Maka ilikuwepo, na watu walikuwepo wakizunguka. Lakini katikati yao, kutoka chini ya kioo kwenda juu, palikuwa na kivuli cheusi, kipana mabegani na cha mviringo juu, mfano wa mtu aliyesimama bila uso. Tuhfa alikifuta kwa pindo la kanga. Akafuta tena kwa nguvu zaidi. Kivuli hakikuondoka.

Shaib aliporudi kutoka msikitini baada ya Maghribi, aliuliza ni nani aliyeigusa televisheni. Hakuwa mtu wa kupiga, lakini akikasirika sauti yake ilifika barabarani. Tuhfa aliogopa. Alifungua mdomo aseme kweli, yakatoka mengine.

"Mimi sijaigusa, baba. Nilikuwa napita tu, nikamwona Babu kwenye kioo. Alipoondoka, kikabaki hicho kivuli."

Kwa nini alimtaja Babu, hakujua mwenyewe. Labda ni kwa sababu kivuli kile kilifanana naye kweli, hasa mabega. Shaib alikuwa anataka kusema kwamba maiti hawatembei ndani ya vioo, lakini alipogeuka alimwona mama yake amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Yuko Maka," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Alhamdulillahi. Kafika."

Shaib alipopendekeza kesho yake kumwita fundi, Bibi alimwambia kwamba wakiiondoa televisheni hiyo wamwondoe na yeye. Toka hapo haikuzimwa tena mchana. Bibi alikaa mkekani tangu Adhuhuri mpaka giza linaingia, macho kwenye kivuli.

Kisha yakaanza maswali. Kila Tuhfa alipotoka shule, Bibi alimwita kando. Alikuwa kavaa nini? Tuhfa akasema kanzu nyeupe. Kofia je? Ile ya kushona kwa mkono. Alisimama mbali au karibu? Uongo una tabia hiyo, ukizaliwa hutaka kulishwa, na Tuhfa aliulisha kila siku mpaka akachoka. Siku moja Bibi akamuuliza lile alilokuwa akilizunguka muda wote.

"Nambie, mwanangu. Uso wake ulikuwaje? Kacheka au kanuna?"

Tuhfa alitaka tu maswali yaishe. Akajibu, "Aliinamisha kichwa, Bibi. Hakutaka kuniangalia."

Maswali yaliisha kweli. Bibi hakumuuliza tena kitu. Lakini na kula akaacha. Samiha alimpelekea wali na samaki, sahani ikarudi ilivyo. Vidonge vya presha vilibaki juu ya kimeza. Mashavu yakabonyea, na alipoinuka kwenda kutawadha alishikilia ukuta. Usiku Samiha na Shaib walinong'onezana kuhusu hospitali.

Tuhfa naye hakuwa na raha. Alijua fika kwamba kivuli kile ni kazi ya makaa, aliyeyaweka ni yeye. Hata hivyo alianza kukiogopa. Akipita sebuleni alitembea upande upande, uso ukutani. Shingo ilimsisimka kana kwamba kuna mtu anayemfuata kwa macho, na kivuli hakikuwa na macho. Siku nyingine alijipa moyo akakitazama, akaona kama kichwa chake kimeinama zaidi kuliko jana. Alitoka mbio mpaka uani, akajifanya amekuja kunywa maji.

Jumatatu moja alirudi shule mapema. Alivua viatu barazani na kabla hajaingia akasikia Bibi anazungumza. Alichungulia. Bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, kiganja chake kimelala juu ya kivuli, na nyuma ya vidole vyake watu walizunguka Kaaba kimya kimya.

"Massoud, ni ule uji?" Bibi alisema. "Nilikunyima sukari kwa kukuhofia maradhi yako. Ukatoka hukunywa, hukuniaga, nami kwa kiburi changu sikukufuata mlangoni. Sikujua kama ndiyo mwisho. Usiniinamishie kichwa, mume wangu. Nipe radhi yako nipumzike."

Tuhfa alikuwa anafahamu kwamba Babu aliondoka asubuhi na Shaib kwa gari la machungwa, akaangukia Muheza, akarudishwa akiwa maiti. Mtu akiugua, wa nyumbani humjia wakaombana radhi. Babu na Bibi hawakuipata nafasi hiyo. Tuhfa alikuwa hajawahi kulifikiria hilo, na sasa aliliona lote mara moja: Bibi yake anakufa njaa kwa ajili ya kichwa ambacho hakikuinama.

Aliingia akaketi kwenye mkeka. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Bibi, huyo si Babu. Ni chetezo. Nilikiweka pale mezani nikaenda kucheza, moto ukaunguza kioo. Sikumwona Babu. Sikumwona hata kidogo."

Bibi aliondoa mkono kwenye kioo. "Na kile kichwa?"

"Nilisema tu, Bibi. Nilitaka usiniulize tena."

Bibi aligeukia ukuta akajifunika ushungi. Tuhfa alitamani apigwe. Kupigwa kungekuwa rahisi kuliko ule mgongo.

Samiha, aliyesikia yote kutoka ukumbini, alimpigia simu mumewe. Shaib alikuja na vumbi lake la njiani. Tuhfa alirudia maneno yale yale mbele yake, akisubiri ile sauti ya kufika barabarani. Haikuja. Shaib aliizima televisheni, akaketi karibu na mama yake.

Alimuuliza kwa nini hakumuuliza yeye, aliyekuwa na Babu siku ile. Bibi akajibu kutoka ndani ya ushungi kwamba alihofia jibu. Na baadaye, aliposikia habari za kichwa kuinama, akaona jibu amekwisha kulipata.

"Basi sikiliza, mama," Shaib alisema. "Tulipofika Muheza tuliagiza chai. Mwenye mgahawa akatusogezea sukari. Baba akairudisha. Akanambia, Mwanamkasi kanikataza, na Mwanamkasi hanikatazi jambo ila kwa kunipenda. Leo nimemwondokea vibaya, jioni nitakwenda kumbembeleza. Hayo ndiyo maneno yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye meza moja."

Bibi alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Walimwacha alie. Jioni ile aliomba wali, akala na kumeza vidonge vyake, kisha akamwita Tuhfa akae mbele yake.

"Moto wako uliunguza kioo," alimwambia. "Kioo ni mali, na mali huharibika. Baba yako angenuna, halafu yangekwisha. Lakini uongo wako ulinipata moyoni, na huko fundi hafiki. Ukiharibu kitu, mjukuu wangu, sema nimeharibu. Neno hilo ni chungu, lakini humezwa mara moja tu. Uongo hutafunwa kila siku, na anayeutafuna si wewe peke yako."

Tuhfa aliomba radhi. Bibi akampa, kwa mdomo na kwa mkono kichwani.

Fundi aliyekuja kutoka mjini alisema doa lile halitoki. Shaib akaamua televisheni ibaki ilivyo. Habari za Babu kuonekana zilikuwa zimekwisha kuzagaa mtaani, kwa hiyo aliweka sharti moja: mgeni akiuliza habari za kivuli, wa kujibu ni Tuhfa.

Wa kwanza alikuwa Bi Najat, jirani yao. Alipoona kioo kimewashwa alisita kizingitini, akashika kifua, akauliza kwa woga kama yule ndiye Massoud. Bibi alimtazama mjukuu wake akangoja.

Tuhfa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Shikamoo, Bi Najat," alisema. "Huyo si Babu. Ni moto wa chetezo. Nilikiweka mimi, halafu nikasema uongo."

Bi Najat alivua viatu akaingia. Bibi akajisogeza mkekani, akamwachia Tuhfa nafasi ya kukaa.